Mota Isiyojua Ilipo

Ubao umekuwa mali ya kuangaliwa kwa makini Meru na Embu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai 2023 Rais alipotangaza kuiondoa. Fundi aliyezoea saipresi ya msitu wa serikali alilazimika kutazama mgrivelea uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Muuru, ambao soko linauita Meru oak na wataalamu wa mimea wanauita Vitex keniensis, ni mti wa asili wa miteremko ya Mlima Kenya, nao umeorodheshwa kimataifa miongoni mwa miti iliyo hatarini. Mti wa namna hiyo ukishapasuliwa, ukakaushwa na kupigwa randa, haufai kuharibiwa na mashine iliyokosea milimita mbili katikati ya ua la mlango.

Mashine yenyewe imekuja kwa njia ya kawaida ya jua kali. Fundi anaona milango na vichwa vya vitanda vilivyochongwa kwa CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, vikishuka kutoka Nairobi, anauliza bei ya mashine, anaona haishikiki, kisha anaamua kuunda yake. Fremu anaichomelea mwenyewe. Reli, skrubu na beringi ananunua. Kontrola huwa ni bodi ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway na kuendelezwa baadaye na Sungeun Jeon. Programu hiyo ni ya bure, nayo ni kazi ya kuheshimika: inaendesha mashine ya mihimili mitatu kwa chipu ya megahezi 16.

Zinabaki mota, za aina inayoitwa stepa. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu ya imani moja ambayo ni lazima ipingwe waziwazi: kwamba mota kubwa ndiyo mota yenye nguvu. Fundi anatazama ukubwa, anasoma namba ya torki kwenye karatasi, anachukua ndefu kuliko zote ambazo mfuko wake unaruhusu. Fedha iliyobaki ananunulia draiva ya bei ya chini na pawa saplai ya volti 24. Mashine ikianza kukosea, anarudi dukani kutafuta mota kubwa zaidi. Nguvu anayoitafuta iko kwenye namna mota inavyolishwa umeme.

Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, yaani kila hatua ni nyuzi 1.8. Ndani yake mna koili za makundi mawili, na draiva hupitisha umeme kwenye koili hizo kwa mfuatano, huku na huku, ili sumaku ya katikati iburutwe kutoka hatua hadi hatua. Kontrola inatuma pigo moja, draiva inasogeza hatua moja. Waya mwingine unasema upande wa kuzunguka. Hakuna waya wa kurudisha habari. Stepa ni kama mtu aliyefungwa macho akaambiwa apige hatua arobaini mbele: atazipiga kwa uaminifu, lakini akijikwaa kwenye hatua ya kumi, aliyemtuma ataendelea kuhesabu hadi arobaini na kuamini kwamba amefika.

Ile namba ya torki iliyoandikwa kwenye karatasi imepimwa mota ikiwa imesimama. Ni nguvu ya kushikilia, na mashine ya kuchonga haipati riziki kwa kusimama. Mota ikianza kuzunguka, kila koili inapaswa kujazwa umeme, kumwagwa, na kujazwa tena kinyume, mamia na maelfu ya mara kwa sekunde. Koili haikubali umeme papo hapo. Ina ukinzani wa mabadiliko unaoitwa indaktansi, unaopimwa kwa milihenri, na kadiri koili ilivyo na mizunguko mingi ya waya ndivyo inavyochelewa kujaa.

Chukua stepa ya ukubwa wa NEMA 23, ile yenye uso wa milimita 57 hivi, yenye indaktansi ya milihenri 3.5 na mkondo wa ampea 4. Zidisha indaktansi kwa ampea, gawanya kwa volti, na utapata kwa makadirio muda ambao koili inahitaji kujaa. Kwa volti 24 ni milisekunde 0.58. Kwa volti 36 ni 0.39. Kwa volti 48 ni 0.29. Sasa izungushe mota hiyo mizunguko 600 kwa dakika: hizo ni hatua 2,000 kwa sekunde, na kila hatua ina milisekunde 0.5 tu. Kwa volti 24 koili inaambiwa igeuke kabla haijajaa. Kwa volti 36 inajaa na nafasi inabaki. Mota ni ileile, skrubu ni ileile, ubao ni uleule. Hesabu hii haijaingiza hata ule umeme ambao mota huzalisha yenyewe ikizunguka na kupingana na unaoingia, kwa hiyo hali halisi ya volti 24 ni mbaya zaidi ya inavyoonekana hapa.

Na sasa ile mota kubwa. Mwili mrefu una chuma kingi na waya mwingi, na mara nyingi indaktansi yake ni ya juu kuliko ya ile fupi. Ikiwekwa kwenye pawa saplai ileile ya volti 24, itakuwa na nguvu nyingi ikitembea polepole, kisha nguvu hiyo itaporomoka mapema kuliko ya mota ndogo. Fundi ameongeza gharama na uzito, na kwa mwendo wa kazi amepunguza nguvu. Hili si jambo la kubishaniwa kwa maoni. Lipo kwenye mchoro wa torki na mwendo ambao watengenezaji makini huutoa pamoja na mota. Muuzaji asiye na mchoro huo anauza chuma kwa kilo.

Mariss Freimanis, mhandisi wa draiva za Geckodrive, aliacha kanuni moja rahisi ambayo waunda mashine wengi huifuata: kipeuo cha pili cha indaktansi kwa milihenri, mara 32, ndiyo volti ya juu kabisa ambayo mota inafaa kupewa. Kwa mota yetu inakuja karibu 60. Ni dari, si lengo. Draiva ya DM542 inapokea hadi volti 50. TB6600 mwisho wake ni 42, na anayeipa 48 anainunulia jeneza. Mimi naona volti 36 inatosha kwa mashine ya mbao ya karakana ndogo, kwa sababu inabakiza nafasi ya juu. Nafasi hiyo inahitajika: mhimili mzito ukipunguzwa mwendo ghafla, mota hugeuka jenereta kwa muda mfupi na kurudisha umeme kwenye pawa saplai. Kwa sababu ya namna hiyohiyo, waya wa mota hauchomolewi draiva ikiwa na umeme. Cheche ndogo ya kuchomoa inatosha kuua draiva ambayo haikuwa na kosa.

Kuhusu joto, hofu nyingi ni za bure. Stepa hula umeme hata ikisimama, kwa hiyo hupata moto hata bila kufanya kazi. Nyuzi joto 70 kwenye ganda si hatari kwa mota yenye insulesheni ya daraja B, inayovumilia 130 ndani ya koili, ingawa kiganja hakiwezi kuishikilia. Draiva nzuri ina swichi ya kupunguza mkondo hadi nusu mota ikiwa imetulia; iwashwe. Kinachostahili hofu ni kontrola kuzima mota kabisa kati ya kazi moja na nyingine, hasa mhimili wa wima. Skrubu ya T8 yenye mwendo wa milimita 8 kwa mzunguko ina mteremko mkali, na uzito wa spindo, ile mota inayozungusha kisu, unaweza kuizungusha yenyewe ukaishusha hadi kwenye ubao. Katika GRBL mpangilio wa $1 ukiwekwa 255, mota hubaki zimeshika.

Draiva pia zinaweza kuigawanya kila hatua vipande 8, 16, 32 na zaidi. Mgawanyo huo unaondoa mtikisiko na kelele, na kwa hilo unafaa sana, kwa sababu stepa isiyogawanywa ina mwendo fulani ambao ndani yake hutetemeka na kupoteza nguvu. Lakini wengi wanaamini kwamba mgawanyo ni usahihi, na imani hiyo inawagharimu. Ukigawanya hatua mara 16, nguvu ya kusogeza kipande kimoja ni karibu asilimia 10 tu ya nguvu ya kushikilia. Ukigawanya mara 32 ni asilimia 5. Kisu kikikutana na fundo la muuru, mota itasubiri vipande kadhaa vilimbikizane ndipo isogee. Isitoshe, Arduino Uno yenye GRBL inaweza kutuma mapigo kama 30,000 kwa sekunde. Skrubu ya T8 kwa mgawanyo wa 16 inahitaji mapigo 400 kwa milimita, kwa hiyo mwendo wa juu ni milimita 75 kwa sekunde, yaani 4,500 kwa dakika. Ukipandisha hadi 32, umekata mwendo huo nusu bila kuchonga vizuri zaidi.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila fundi akishike. Stepa yenye koili za makundi mawili ikishindwa, haianguki hatua moja moja. Huruka kwa makundi ya hatua nne, kwa sababu baada ya hatua nne mpangilio wa umeme unajirudia na sumaku inashika tena mahali papya. Hatua nne ni sehemu moja ya hamsini ya mzunguko. Kwa skrubu ya T8 hiyo ni milimita 0.16; kwa skrubu ya mipira yenye mwendo wa milimita 5 ni 0.1. Basi mashine ikimaliza kazi, irudishe kwenye sifuri na upime imekosea kiasi gani. Kama kosa linagawanyika kwa 0.16, kwa mfano 0.32 au 0.80, mota imeruka hatua: tazama volti, mwendo, kisu butu. Kama kosa halifuati hesabu hiyo, tazama kwingine: ulegevu wa nati kwenye skrubu, kapulingi iliyoteleza, au namba ya mapigo iliyokosewa tangu mwanzo. Kalipa ya bei ya wastani inatosha kwa kazi hii.

Mwendo wa juu hupewa lawama nyingi kuliko uharakishaji, ilhali mota nyingi hukwama wakati wa kuanza na wakati wa kugeuka kona, pale uzito wote wa daraja la mashine unapopaswa kusukumwa kwa ghafla. Njia ya kuaminika ni kupandisha uharakishaji, ambao GRBL inauita $120 na wenzake wawili, kidogo kidogo hadi mhimili ukwame, kisha kurudi hadi karibu nusu. Vivyo hivyo kwa mwendo. Nusu nyingine ni akiba ya fundo la mti, vumbi kwenye reli na asubuhi za Julai, ukungu unapotanda Meru na grisi kuwa nzito.

Kuna pia makosa ambayo mota haihusiki nayo. Spindo ya kilowati 2.2 inaendeshwa na kifaa cha kubadili masafa kinachokata umeme kwa kasi kubwa ili kuifikisha mizunguko 24,000 kwa dakika, na kifaa hicho hutoa mawimbi yanayoingia kwenye kila waya ulio karibu. Waya za swichi za mwisho wa mhimili zinapokea mawimbi hayo, kontrola inaamini kwamba mhimili umegonga mwisho, na kazi inasimama katikati. Wakati mwingine pigo la uongo linaingia kwenye waya wa hatua, na mhimili unasogea kiasi ambacho hakuna aliyekiagiza. Dawa zake zinajulikana: waya wa spindo wenye shati la chuma lililofungwa ardhini, waya za ishara zipite mbali nao, swichi ziwe za kukata umeme badala ya kuunganisha, na ziendeshwe kwa volti 24 kupitia optokapla badala ya volti 5 za Arduino. Juu ya yote, waya wa ardhi uwe wa kweli. Vyumba vingi vya kupanga vinavyogeuzwa karakana vina soketi za matundu matatu, la tatu likiwa halijaunganishwa na kitu. Nondo ya ardhini iliyopigiliwa vizuri ni ya bei nafuu kuliko mota yoyote, nayo inaokoa pia maisha ya anayeshika fremu ya chuma.

Umeme wenyewe ni habari nzito katika eneo hili. Mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere la 1988, yako mpakani mwa Embu, na Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225, mkubwa kuliko wa kituo kingine chochote cha maji nchini. Wanaoishi karibu na mitambo hiyo hukatikiwa umeme kama wengine. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani kwa saa nyingi. Kwa mashine ya stepa, hata sekunde mbili zinatosha: mota zinaachia, na kontrola ikiwaka upya haijui spindo iko wapi. Betri ya kuokoa kompyuta peke yake haisaidii, maana mota zitakuwa zimeshaachia huku kompyuta ikiendelea kutuma amri.

Msaada uko kwenye swichi za kurejea nyumbani, yaani mahali mashine inapoanzia hesabu zake, zikiwa imara na zinazorudia mahali pamoja. GRBL huhifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu umbali wa sifuri ya kazi kutoka nyumbani. Umeme ukirudi, mashine inatafuta nyumbani, sifuri ya kazi inapatikana palepale, na fundi anaanzia mstari uliokatikia. Ubao wa muuru umeokoka. Anayeweka sifuri kwa macho na penseli, bila swichi za nyumbani, ataupoteza.

Je, mota ya sevo ingemaliza matatizo haya? Historia iko upande wake. Mashine ya kwanza ya kukata chuma kwa namba, iliyotokana na wazo la John Parsons na kuonyeshwa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1952, ilitoka kwenye maabara ya sevo. Sevo ina enkoda mgongoni, jicho linalohesabu mzunguko halisi. Enkoda ya mistari 2,500 inatoa hesabu 10,000 kwa mzunguko mmoja. Draiva inalinganisha mahali inapotakiwa kuwa na mahali ilipo, na kusukuma kulingana na tofauti. Sevo ya AC ya wati 400 au 750 inashika nguvu yake hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo ambao stepa imeshachoka zamani, na kwa muda mfupi inaweza kutoa torki mara tatu ya kawaida yake. Ikisimama bila mzigo, inapoa.

Wazo hilo si geni kwa mafundi wetu, hata kama hawalijui kwa jina hilo. Printa nyingi za wino zilizolala kwenye vibanda vya kutengeneza kompyuta zina mota ya kawaida ya DC na utepe wa plastiki wenye mistari myembamba inayosomwa na jicho dogo. Hiyo ni sevo kamili. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kazi ya enkoda aifungue printa moja iliyokufa kabla hajaagiza kitu.

Lakini sevo inataka kupangwa. Kuna nguvu inayofuata ukubwa wa kosa, nguvu inayolimbikiza kosa la muda mrefu, na nguvu inayozuia kupita kiasi. Zikipangwa vibaya, mhimili unatetemeka na kuacha mawimbi kwenye ubao, au unavuma hata ukisimama. Zinategemea uzito wa mhimili na ugumu wa fremu. Fremu ya mabomba yaliyochomelewa bila viimarisho ikipewa sevo kali, fremu ndiyo itakayocheza. Katika karakana nyingi za hapa sioni sevo ya AC ikirudisha gharama yake kwa kuchonga milango. Naiona ikifaa kwa fundi anayetaka kukata alumini na chuma, kutengeneza vipuri vya mashine za kahawa, au vya viwanda vya chai kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, Githongo na Imenti upande wa Meru, ambako gia na shafti huchakaa na kungoja kipuri kutoka mbali kunagharimu majani.

Kwa wengine kuna njia ya kati: stepa yenye enkoda mgongoni na draiva inayoisoma. Bei yake iko juu ya stepa ya kawaida na chini ya sevo. Wauzaji husifu kwamba haipotezi hatua. Sifa hiyo imepita kiasi, kwa sababu mota iliyozidiwa itazidiwa hata ikiwa na enkoda. Thamani yake iko kwenye waya mmoja mdogo wa alamu. Kosa likizidi kiwango kilichowekwa, draiva inafunga swichi ya alamu, na waya huo ukiunganishwa na pini ya kusitisha kazi kwenye kontrola, mashine nzima inasimama kabla ubao haujaharibika. Mashine ikifungwa bila kuunganisha waya huo, mhimili mmoja utasimama peke yake na mingine miwili itaendelea kuchonga.

Ningependa hesabu ya milisekunde 0.58 na 0.39 ifundishwe kwa vitendo katika Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Meru, Chuo Kikuu cha Embu, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, mbele ya mafundi wa jua kali na si wanafunzi peke yao. Vifaa vinavyohitajika ni stepa moja, pawa saplai ya volti 24 na nyingine ya 36, na ndoo ya mchanga iliyofungwa kamba kwenye puli ya mota. Mota iinue ndoo kwa volti 24, mwendo ukipandishwa taratibu hadi ishindwe. Kisha ibadilishwe pawa saplai tu, na ndoo ileile iinuliwe tena.